Usisafirie nyota ya mwenzio: Stanley, Simbamwene na safari yako ya Morogoro



Ndugu zangu, kila likizo ya shule ikikaribia napokea ujumbe wa aina moja. "Shekhe, tunataka kuipeleka familia Morogoro, tupande mlima, watoto waone maporomoko. Tumesoma maoni mtandaoni. Huyu anasema ni pepo ya duniani, yule anasema tutajuta. Tumwamini nani?" Wengine wananitumia mpaka picha za nyota: loji hii nne na nusu, ile mbili. Anayeuliza ni baba aliyeweka akiba miezi minane, au binti anayetaka mama yake avute hewa ya mlimani mara moja kabla magoti hayajakataa. Pesa ya safari ikishaliwa hairudi, na mama hawezi kupanda mlima wa majuto mara ya pili. Kwa hiyo swali hili lina uzito, na mimi silidharau.

Lakini sitawatajia hoteli. Nitawapa historia, kwa sababu Morogoro ilianza kupewa nyota na wageni kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Maoni ya wageni wale yapo mpaka leo, na ukiyasoma vizuri utajifunza namna ya kusoma hayo ya kwenye simu yako.

Tuanze mwaka 1871. Tarehe 21 Machi, Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, alitoka Bagamoyo na msafara wa mwisho kati ya mitano aliyoitanguliza bara kumtafuta David Livingstone. Baada ya wiki kadhaa alifika chini ya milima ya Uluguru, akakuta mji aliouandika kwa jina la Simbamwenni. Ndio Simbamwene yetu, mji uliojengwa na Kisabengo, mtu aliyejipatia nguvu kwa vita na utekaji, na wakati ule ulitawaliwa na binti yake. Mji ulikuwa kando ya mto Ngerengere, pale pale ilipo Morogoro ya leo.

Stanley aliduwaa. Aliandika habari za ukuta wa mawe wenye minara kwenye pembe, milango minne mikubwa, mmoja kila upande, ya mbao ngumu iliyonakshiwa kwa mtindo wa Kiarabu. Alikadiria nyumba elfu moja hivi, na watu 3,000, kisha akasema huenda 5,000 ndiyo karibu na ukweli zaidi. Mandhari ya bonde na milima ikamkumbusha Uajemi alikowahi kupita, na akakiri kwamba hakutegemea kukuta kitu kama kile huku. Kwa lugha ya leo, nyota tano.

Simama hapo kidogo. Ukuta na milango aliviona kwa macho yake. Hesabu ya watu ni makadirio, na unaona mwenyewe yanavyoruka kutoka 3,000 hadi 5,000 ndani ya pumzi moja. Na huko kulinganisha na Uajemi kunatueleza zaidi juu ya Stanley kuliko juu ya Morogoro. Mgeni hupima mahali kwa mahali alikotoka. Aliyetoka Masaki akisema "chumba kilikuwa kidogo", na aliyetoka kulala watu wanne chumba kimoja akisema "chumba kilikuwa kikubwa", wanaweza kuwa wamelala chumba kile kile, kitanda kile kile.

Sasa subiri kilichofuata.

Wajumbe wa Sultana wa Simbamwene walikuja kambini kwa Stanley kudai hongo. Na hapa nitoke nje ya mada kidogo, maana neno hili limewaponza wengi. Leo hongo ni rushwa. Zama za misafara hongo ilikuwa ushuru wa njia: unapita katika nchi ya mtu, unakula chakula chake na kunywa maji yake, unatoa vitambaa kadhaa kwa mtawala, unapita kwa amani. Kijana wa leo akikuta kwenye kitabu kwamba malkia wa Morogoro alidai "hongo", atamhukumu mama wa watu kuwa ni mla rushwa, naye alikuwa anatoza kama halmashauri inavyotoza leo. Neno limebaki, maana imehama. Kumbuka hili unaposoma maoni ya mtu wa lugha nyingine au nchi nyingine yaliyotafsiriwa na mashine.

Turudi. Stanley alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba msafara wake uliotangulia ulikwishalipa, na desturi ni kulipa mara moja. Wajumbe, kwa maelezo yake mwenyewe, walikubali wakaondoka. Akaendelea na safari, katikati ya masika, mvua juu na tope chini, na homa ikiwa imemshika. Mpishi wake akakutwa na wizi wa chakula, akachapwa, akafukuzwa, akapotea kweli. Stanley akatuma askari watatu warudi kumtafuta. Wakakamatwa Simbamwene kwa amri ya Sultana na kufungwa. Aliyewatoa ni mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Thani, aliyepita njia hiyo na kuwaombea. Na Stanley anasimulia kwamba Thani alimtisha Sultana kwa kuzisifia bunduki za mzungu kupita kiasi. Askari wakaachiwa, bunduki mbili zikabaki huko.

Tangu hapo, ukisoma kitabu chake, Sultana yule ni mtu mwingine. Maneno ya dharau yakaanza. Mji ni ule ule, ukuta ni ule ule, ila mwandishi ana kinyongo, ana homa, analala kwenye maji na anadai bunduki zake mbili.

Ndugu yangu, je, hujawahi kukisoma kitu hiki? "Tulifika, pazuri sana, mandhari safi, LAKINI tulitozwa mara mbili, mhudumu ana dharau, MSIENDE." Ni Stanley huyo, na Simbamwene yake.

Mimi sisemi Stanley alidanganya. Inawezekana kabisa alidaiwa mara mbili. Ninachosema ni kwamba tunasikia upande mmoja. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1872 na kikasomwa na maelfu ya watu Ulaya na Marekani. Sultana hakuwa na gazeti. Msafara wa wageni wenye silaha unapita katika nchi yake kwa makundi makundi, kila kundi linasema "mwenzetu ameshalipa", kisha wanarudi askari watatu wenye bunduki wanazungukazunguka eti wanamtafuta mpishi. Wewe ungekuwa yeye ungefanyaje? Qadhi hatoi hukumu kabla ya kumsikia wa pili, na katika habari hii wa pili hakuitwa.

Na bado tarehe. Hili ndilo linalowapoteza watu zaidi kuliko uongo wenyewe. Stanley alirudi kwa njia hiyo hiyo mwaka uliofuata, kabla ya kufika Bagamoyo mapema Mei 1872. Mwezi Aprili mwaka huo kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja, na mvua bara zikafurika mito. Alikuta Ngerengere imebomoa ukuta wa mbele wa Simbamwene na kuchukua nyumba kama hamsini, na Sultana amekimbia. Mji wa nyota tano ulikuwa umevunjika ndani ya mwaka mmoja na kidogo. Sifa na maafa vimo katika kitabu kimoja, lakini mtu aliyeishia kwenye sura ya kwenda angefunga mizigo kuja kuona milango ya nakshi, akute tope. Mwaka 1873 akapita Luteni Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, naye akamweleza binti wa Kisabengo kuwa mtawala asiye na nguvu tena, wa kupitwa bila kulipwa chochote. Habari tatu katika miaka mitatu, na hazifanani.

Kwa hiyo unapofungua simu, kabla hujatazama nyota, tazama mwaka. Mfano hai: maoni mengi ya zamani yanakwambia Dar es Salaam hadi Morogoro ni kuteseka na foleni saa nne, tano. Tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya SGR inabeba abiria, na safari hiyo haifiki saa mbili. Aliyeandika mwaka 2019 hakusema uongo, lakini habari yake imekufa. Na tukumbuke hii si mara ya kwanza kwa reli kuzeesha habari za watu: reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro kutoka Dar mwaka 1907, simulizi zote za siku za kutembea kwa miguu kutoka pwani ziligeuka hadithi za wazee.

Wanazuoni wetu wa Hadithi walilijua jambo hili zamani mno. Wapo wapokezi waliokuwa madhubuti, kisha uzeeni kumbukumbu zao zikachanganyika. Wanazuoni hawakuwatupa wote. Waliuliza: aliyepokea kutoka kwake alipokea lini, kabla ya kuchanganyikiwa au baada? Cha kabla kikachukuliwa, cha baada kikawekwa pembeni. Ata' bin as-Sa'ib ni mfano maarufu. Mtu mmoja, ulimi mmoja, na tarehe ndiyo inayoamua.

Mzee Richard Burton naye tumsikie. Alipita upande wa kusini wa Uluguru na mwenzake Speke mwaka 1857, wakakaa Zungomero, kituo cha misafara kwenye nchi ya Wakutu. Ukisoma alivyoieleza sehemu ile, unyevu, matope, hewa mbaya, utasema hapakaliki. Wote wawili walikuwa wagonjwa. Na mara walipopanda vilima kuelekea Usagara na homa ikalegea, kalamu nayo ikachangamka, hewa ikawa ya uzima, kila kitu kizuri. Sasa je, ilibadilika nchi au ulibadilika mwili wa msemaji? Vyote viwili, naam, lakini yeye hakukutenganishia.

Na angalia: Burton alipita kusini, Stanley akapita kaskazini. Hakuna kati yao aliyepanda kwenda kuwaona Waluguru kule juu kwenye mashamba yao. Walitazama Uluguru wakiwa barabarani. Ni sawa na yule anayeupa mlima nyota tatu akiwa kwenye kibaraza cha hoteli, chai mkononi.

Hapa niseme na wanaopanga safari, maana milima hii inawachanganya watu. Upande wa mashariki, huko Kinole na Matombo, unapokea upepo wa bahari na mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upande wa magharibi, Mgeta, kwenye mboga na matunda mnayoyaona masokoni Dar, ni pakavu zaidi na baridi yake ni nyingine. Mtu akisema "Uluguru kuna utelezi, nusura nivunjike", muulize upande gani na mwezi gani. Machi hadi Mei ni masika, ile ile iliyomlaza Stanley. Kupanda hadi Morningside, kwenye jengo la tangu wakati wa Wajerumani, ni matembezi ambayo mzee mwenye afya anaweza kuyamudu polepole. Kilele cha Lupanga, mita 2,138, ni mlima kwelikweli, mizizi na matope ndani ya msitu wa hifadhi. Wote wawili wataandika "nimepanda Uluguru". Mama yako usimpeleke kwa maneno hayo mawili.

Tena Morogoro ni mji na Morogoro ni mkoa. Picha za maporomoko ya Sanje unazotumiwa zimepigwa Udzungwa, huko Kilombero, zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini. Aliyeandika "Morogoro, maporomoko ya ajabu, nyota tano" kasema kweli. Wewe uliyekodi chumba Msamvu ukidhani utatembea kwa miguu ndiye uliyeumia.

Je, wapo waongo kabisa? Wapo. Mwaka 2017 kijana mmoja London, Oobah Butler, alikigeuza kibanda cha bustani anakoishi kuwa "mgahawa" kwenye mtandao wa TripAdvisor, kwa maoni ya kubuni aliyoandikiwa na rafiki zake, mpaka kikawa namba moja kati ya migahawa yote ya London. Hakikuwa kimewahi kumhudumia mteja hata mmoja. Watu wakawa wanapiga simu kuomba meza. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimfunga jela miezi tisa mtu aliyekuwa akiziuzia hoteli maoni ya uongo. Na sisi kwetu neno tunalo, chawa. Chawa wa hoteli hana tofauti na chawa wa siasa. Kalala bure, kala bure, anakuandikia "huduma ya kimataifa".

Lakini msidhani kunakili na kupamba kulianza na intaneti. Ibn Battuta, Allah amrehemu, tunampenda kwa kuwa aliifikia Kilwa mwaka 1331 na kuisifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Safari zake aliziandikisha kwa Ibn Juzayy huko Fez, kazi ikaisha mwaka 1355, zaidi ya miaka ishirini baada ya Kilwa. Katika nakala inayotumika sana nyumba za Kilwa ni za mbao, na magofu ya mawe ya Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu yapo mpaka leo kumshangaa. Na watafiti wamethibitisha kwamba sehemu nzima za maelezo ya Makka na Damascus zimechukuliwa kutoka kwa Ibn Jubayr, aliyesafiri karibu miaka 150 kabla yake. Hatumtupi Ibn Battuta kwa hilo. Tunajua tu wapi anasema yeye na wapi anasema mwingine kwa kinywa chake. Ukikuta maoni matatu ya loji moja yana sentensi ile ile, mpaka kosa la tahajia ni lile lile, umempata Ibn Jubayr wako.

Sasa kanuni. Aya ya sita ya Suratul Hujurat inatuamrisha kuhakikisha habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua. Na wanazuoni wa jarh na ta'dil wakaichambua kazi hiyo kwa kina. Kanuni mbili zinakufaa moja kwa moja.

Ya kwanza, kwa wengi wao lawama juu ya mtu anayesifiwa haikubaliwi mpaka ielezwe sababu. "Huyo dhaifu" haitoshi. Dhaifu kwa nini? Maana mwingine alikuwa akilaumu kwa jambo ambalo si aibu. Kwa hiyo "pabaya, msiende" ni sauti tu. "Maji hayakutoka siku mbili, na nilipouliza nikaambiwa tanki limepasuka" hiyo ni habari. Utakuta wengine wanatoa nyota moja kwa sababu hoteli haiuzi bia. Ndugu yangu, kwako hiyo ni nyota ya sita!

Ya pili, maneno ya watu wa rika moja na kazi moja juu ya mwenzao hayachukuliwi bila ushahidi, kwa sababu wivu upo hata kwa wema. Burton na Speke walitoka hema moja, wakagombana juu ya chanzo cha Nile, na Burton akaandika kitabu chake cha mwaka 1860 ugomvi ukiwa moto. Utamsoma Speke kutoka kwa Burton peke yake? Basi na wenye loji jirani, na waongoza wageni wanaogombea mteja mmoja stendi, wapime hivyo hivyo.

Sifa nazo zina ugonjwa wake, akipenda chongo huita kengeza. Imamu Ali bin al-Madini aliulizwa juu ya baba yake mzazi katika upokezi wa Hadithi. Aliwaelekeza wakamuulize mtu mwingine, wakamng'ang'ania, akainamisha kichwa, kisha akasema hii ni dini, baba yangu ni dhaifu. Baba yake! Na sisi tunampa nyota tano mtoto wa shangazi aliyefungua gesti isiyo na neti ya mbu.

Inasimuliwa pia kwamba Umar, Allah amridhie, aliletewa mtu anayemtolea mwenzake ushahidi wa wema. Akamuuliza: wewe ni jirani yake, unajua kuingia na kutoka kwake? Hapana. Mmefanya biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Umesafiri naye? Hapana. Akamwambia humjui huyo. Kwa hiyo mimi maoni ninayoyatafuta ni ya aliyelipa pesa yake, akalala zaidi ya usiku mmoja, na akafika msimu ninaotaka kwenda mimi. Wakipatikana watatu wa hivyo wasiojuana, wanasema jambo moja, naliamini kuliko nyota 400 za juu juu. Kisha napiga simu mwenyewe nauliza swali moja dogo: kibla kiko upande gani wa chumba? Jibu lenyewe au kigugumizi chake kinaniambia mengi.

Na wewe ukirudi nyumbani, unageuka Stanley. Kalamu iko mkononi mwako, na upande wa pili kuna mama anayepika ugali na kisamvu kwenye gesti ya vyumba sita Bigwa, hana kitabu London. Ukimwandikia kwa hasira ya homa, wateja wake wa Desemba wataisha, na hatajua ni nani aliyewafukuza. Ukimpamba kwa sababu alikupunguzia bei, utakuwa umemdanganya baba wa miezi minane ya akiba. Andika mwezi uliokwenda. Andika ulikuwa upande gani wa mlima. Andika ulilipa kiasi gani, na kama ulipunguziwa useme. Kama mligombana, andika na yeye alichokujibu.

Waliouliza kuhusu kupanda na watoto: ingieni kwa utaratibu wa hifadhi, chukueni muongoza wageni anayetambulika na ofisi ya misitu, na mwanze asubuhi mapema baada ya Alfajiri, mawingu hayajashuka Lupanga.

Wabillaahi tawfiiq.